Ubeleko wa Nasra

"Mkaja chukua, wifi. Mkaja sikunyimi, tumbo ni lako na uchungu ulikuwa wako. Lakini ubeleko niachie mimi."

Najat alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo. Vidole vyake vilikuwa vinatoa chuya na vijiwe katika mchele wa kesho, tik, tik, kama kuku aliyefunzwa adabu.

"Nikuachie?" Mastura akauliza. "Kwani mimi mwanangu nilimbeba kwenye kapu?"

"Sikusema hukumbeba. Nimesema ubeleko niachie."

"Mgongo huu, wifi, mpaka leo ukigusa hapa utakuta kishimo cha kidevu chake."

"Basi hicho kishimo ndicho ubeleko wako. Wa nguo ni wangu."

Jikoni wanawake waliokuja kusaidia kazi walikuwa wamenyamaza, wamejifanya hawasikii. Na hakuna masikio marefu duniani kama ya mtu anayejifanya hasikii. Mmoja alikuwa amesugua sufuria lile lile mpaka, wallahi, lilikaribia kutoboka.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya harusi. Alasiri ikishaswaliwa, wanawake wa upande wa Ayubu, bwana harusi, wangetoka Pangani waingie katika nyumba hii ya Chumbageni na sinia lao, vigelegele mbele. Na katika sinia hilo, pamoja na halua na udi na mafuta ya kujipaka, kuna nguo mbili zisizochanganywa na nyingine. Ya kwanza ni mkaja, shukrani ya lile shuka ambalo mama alijifunga tumboni alipojifungua. Ya pili ni ubeleko, shukrani ya nguo iliyombeba mtoto mgongoni. Mwenye sinia huuliza mbele ya watu wote, mwenye mkaja yuko wapi, na mama wa bibi harusi huitika. Kisha huuliza, mwenye ubeleko yuko wapi, na mama yule yule huitika tena, akapigiwa vigelegele mara ya pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mji haujawa mji. Lakini nyumba hii ilikuwa na mama wawili, na kila mmoja alikuwa ameshapiga pasi kanga yake ya kukalia mkekani.

Sasa, ili mtu asimwone Mastura mgomvi bure, ni lazima ajue alikotoka.

Alizaliwa Vanga. Vanga iko Kenya, ndivyo inavyosema ramani, lakini ramani ilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kuchota maji kule. Kutoka Vanga mpaka Moa, upande wa Tanga, ni karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya Vanga, watu wa Moa humwitikia yarhamukallah, na akipiga ya pili humpelekea tangawizi. Watu wa huku wameoa kule na wa kule wamezikwa huku, na mbuzi wao wamekuwa wakizaliana bila kuulizana chochote.

Idarusi, kaka yake Najat, alikuwa fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na Idarusi alikuwa fundi wa kusikia, si wa kutazama. Baiskeli ikipita Barabara ya Ishirini, yeye amekaa Barabara ya Pili, angekwambia mnyororo wake umelegea wapi na mwenyewe amegombana na nani nyumbani. Siku moja aliitwa Vanga kutengeneza baiskeli ya baba mdogo wake Mastura. Baiskeli ilikuwa na pancha moja. Idarusi aliitengeneza siku nne. Siku ya tano baba mdogo akamwambia, bwana, kama unalotafuta halimo kwenye gurudumu, sema. Akasema. Mastura akaletwa Tanga na kufuli la sanduku lake mkononi, msichana wa miaka kumi na saba.

Chumbageni nzima ilimjua kwa mkate wa kumimina. Mkate wa Mastura ulikuwa mwepesi hata siku za upepo sinia likandamizwe kwa jiwe, na wapo wanaoapa kwamba mmoja uliruka ukaonekana Raskazone, juu ya paa la tajiri, bado wa moto. Siri yake ilikuwa tembo tamu la mnazi mahali pa hamira. Mashehe waliula, wakausifu, na kwa hekima yao hawakuuliza. Asubuhi alimimina, mchana aliuza, jioni alimfunza Nasra, mwanawe wa pekee, kusugua iliki kwa kiganja. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza Mastura karatasi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayemuuliza mpika mkate karatasi akiwa hajala.

Mpaka walipokuja watu wa kukagua wageni.

Walipita nyumba kwa nyumba, wapole, wenye viatu vya kung'aa. Katika mtaa ule walikuwamo wake wa Vanga, wa Jimbo, wa Msambweni, na kila mmoja alipoulizwa kwao wapi alijibu bila kupepesa, akataja vijiji vya upande wa Tanga: Tongoni, Moa, Mtimbwani. Wakafika kwa Mastura. Idarusi alikuwa amesimama nyuma ya wale watu, akamkonyeza mkewe kwa jicho la kulia, akamkonyeza kwa la kushoto, akakohoa, akajikuna, akatikisa kichwa, hata mmoja wao akageuka akamwambia mzee, nenda hospitali.

Mastura alimwona vizuri. Lakini kwa watu wa pwani hii, kwenu si mahali unapolala. Kwenu ni mahali yalipo makaburi ya baba zako, na mwenye kukana kwao amewakana wafu wake, ambao hawana njia ya kujitetea. Alikuwa na unga mikononi na marehemu baba yake moyoni. Akanyoosha shingo, akajibu kama mtu anayesifiwa, "Kwetu Vanga. Mimi ni binti Mudathir wa Vanga, na babu yangu amezikwa pale pale msikitini."

Wale watu wakatazamana. Wakamwomba achukue nguo zake.

Nasra alikuwa chuoni, na juzuu kifuani, mtoto wa miaka minane. Aliporudi alikuta unga wa mkate umeumuka jikoni, umepanda, umemwagika mpaka chini ya meza, na hakuna mtu wa kuumimina. Mama yake alikuwa ameshavushwa mpaka pale Horohoro, na ameambiwa asikanyage tena Tanzania kwa miaka kumi.

Ikawa hivyo. Akakaa katika nyumba ya baba yake, nyumba ambayo ndugu wote walikuwa wameiacha, wengine kwa Mombasa na wengine kwa udongo. Alipika mkate. Haukuumuka. Watu wa Vanga walisema ni mzuri, lakini walisema kwa adabu, na mpishi anayesifiwa kwa adabu hujua alichopika. Usiku alisikia mawimbi yale yale anayosikia mtoto wake, ila yanampiga kwa upande mwingine.

Idarusi alimwendea. Mara ya kwanza alikwenda na Nasra kampakia nyuma ya baiskeli, wakakaa wiki, wakacheka, wakala. Siku ya kuondoka mtoto akashika mlango. Idarusi na Mastura wakamtoa vidole kimoja kimoja, na kila walipotoa cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimesharudi. Mara ya pili Idarusi alikwenda peke yake. Shule, alisema. Mara ya tatu ilikuwa mitihani, ya nne ikawa shule tena. Mastura akasema moyoni mwake: hii si shule, hii ni Najat. Maana Najat alikuwa ameachwa na mume bila kujaaliwa mtoto, na mwenye njaa hapewi chungu akilinde.

Wapo waliomshauri apite njia za panya. Mchuuzi mmoja alijitolea kumviringisha ndani ya mkeka na kumvusha kama mzigo, na akaapa amewahi kumvusha hivyo mjomba wake mzima pamoja na bakora yake. Mastura akakataa. Mlango ulionitoa, alisema, ndio utakaoniingiza. Tena aliogopa: alikuwa ameambiwa kwamba akikamatwa mara nyingine, basi tena.

Mwaka wa saba Idarusi akafa kwa kifua, akazikwa Tongoni kwa wazee wake. Mastura akakaa eda ng'ambo. Alivaa nyeupe, akajifungia chumba kimoja, akafanya kila kinachotakiwa. Lakini eda ya namna hiyo haina watu. Hakuna wa kukwambia pole kwa sababu hakuna aliyemjua marehemu, hakuna wa kukumbusha kwamba alikuwa na kicheko cha kukwama kama pampu. Jirani mmoja alichungulia dirishani akamwona amejifunika, akamletea dawa ya malaria. Mastura akainywa. Huo ndio uliokuwa mkono wa pole pekee aliopewa.

Kisha miaka ikatimia. Akafuatilia karatasi zake mpaka zikatoka, na safari hii alikuwa nazo nyingi kiasi cha kufunikia nyumba. Horohoro kijana wa dirishani, mpole, akamuuliza, umekuja kutembea, mama? Akajibu ndiyo, kutembea. Kijana akagonga muhuri akasema karibu Tanzania, mgeni wetu.

Neno hilo likamfuata mpaka Chumbageni kama paka aliyenusa samaki.

Maana Najat alimpokea vizuri mno. Alimpa chumba cha mbele, godoro nene, chandarua kipya, jagi la maji lenye kitambaa cha kufuma. Akinyanyuka kuosha vyombo anaambiwa, mgeni, kaa. Akishika fagio, fagio linatoka mkononi mwake kwa upole na kwenda zake. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mastura alilingoja hilo jembe siku ya tatu. Akalingoja ya nne. Usiku wa tano, wenzake wote wakila kwa mkono kutoka sinia moja, yeye aliwekewa sahani yake peke yake, imefunikwa, na juu yake kijiko. Hakuwahi kuona kitu baridi kama kijiko kile.

Na Nasra. Nasra alikuwa amekuwa msichana mrefu, mwenye maneno machache, aliyekaa ndani kama mwali, na somo wake wa kumfunda, akingoja harusi yake. Mastura alikuwa amemsikia kwenye simu miaka yote, lakini sauti ya simuni haina urefu. Alipoingizwa chumbani kwake, Nasra aliinuka, akambusu mkono, akasema, "Shikamoo, mama wa Vanga." Mama mwenye anwani, kama kifurushi. Na Najat alipoita kutoka uani, mtoto yule yule akaitika, "Abee, mama," bila anwani yoyote.

Mtu mmoja tu mtaani hakumwita mgeni. Ni Bibi Rehmatbai, mwenye duka la vitambaa pale kwenye kona, ambaye uzee umemfikisha mahali pa kukumbuka bei za zamani na kusahau watu wa leo. Alimwona Mastura anapita, akamwita kwa fimbo. Akamuuliza kwa nini jana hakuleta mkate, chai imepoa mpaka imeota ngozi, na kwamba akiendelea na uvivu huu atatafuta mpishi mwingine. Mjukuu wake, Batool, akatoka mbio kuomba radhi, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi amepoteza siku. Mastura akasema hakuna neno. Akasimama pale dukani, kitambaa cha kilemba mkononi asichokusudia kukinunua, akigombezwa, na hakuondoka mpaka yule bibi alipochoka.

Kwa hiyo ubeleko haukuwa nguo. Kanga anazo. Alichotaka ni kile kigelegele cha pili. Alitaka watu wa Tanga waseme kwa ndimi zao, mbele ya mwanawe, kwamba huyu ndiye mama, amembeba, hakuja kutembea. Kesho kutwa kibali chake kinamrudisha ng'ambo, na Nasra anakwenda Pangani kwa watu ambao hawajawahi kuonja mkate wake. Baada ya leo hapakuwa na sinia jingine.

"Sikiliza, wifi," akasema, na sasa aliacha kupiga kelele, jambo lililowafanya wale wa jikoni wasogee mlangoni. "Wewe unabaki na nyumba. Unabaki na kaburi la kaka yako, unalipalilia ukitaka. Mimi nakuomba nguo moja."

"Nabaki na nyumba," Najat akasema. "Mtoto anakwenda Pangani, mimi nabaki na nyumba. Nitaibeba mgongoni?"

"Angalau yeye umekuwa naye."

"Nimekuwa naye."

"Kwa sababu ulinizuilia." Hapo Mastura akalitema lile alilolitafuna miaka yote, na lilitoka gumu vile vile. "Idarusi alikuja na shule, akaja na mitihani, maskini, hakujua kusema uongo, uongo wake ulikuwa na pancha. Nikajua ni wewe. Siku ya Kiyama nitakushika kwa hilo, Najat, utaniona nimekushika."

Najat akaacha mchele.

"Ni mimi," akasema. "Kaka alitaka kumleta tena. Alikuwa ameshafunga mto nyuma ya baiskeli. Nikasimama mlangoni nikamwambia atapita juu yangu."

Mtu jikoni aliangusha mwiko.

Mastura alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alitaka kukanwa, apate cha kuendelea kugombana. Najat akausogeza ungo kando, akafuta mikono kwenye kanga, na akaeleza, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mwenzake na anajua utauma.

Alisema kwamba siku ile Idarusi aliporudi na Nasra kutoka Vanga, aliisimamisha baiskeli pale pale barazani, akamshika mtoto makwapani amteremshe. Mtoto akakunja miguu. Akainyanyua mpaka tumboni kama kuku anayebebwa sokoni. Wakadhani ni ganzi ya safari. Wakamlaza, wakamkanda, wakampeleka hospitali, daktari akagonga magoti kwa kinyundo, yakaruka, miguu mizima. Wakampeleka kwa shehe, akasomewa, akapuliziwa maji. Shehe akasema hana kitu. Wakimweka chini anakaa, wakimsimamisha anakunja. Mpaka Najat akamlalia pembeni usiku akamuuliza, mwanangu, una nini na ardhi.

"Unajua alinijibu nini?" Najat akasema. "Aliniambia, 'Shangazi, nikikanyaga hapa, nitakuwa nimefika.'"

Mastura akaitazama miguu yake mwenyewe pale chini.

"Basi nikambeba," Najat akaendelea. Kwenda chooni, mgongoni. Chuoni, mgongoni. Dukani kwa Rehmatbai, mgongoni, mtoto wa miaka minane mwenye miguu ya korongo, inaning'inia mpaka kwenye mashavu ya miguu yake yeye Najat, na watoto wa mtaa wakiwafuata nyuma wakiimba kwamba shangazi amezaa mzee. Mfunguo Sita ukaisha, Mfunguo Saba ukaingia, naye yuko mgongoni. Akauonyesha mgongo wake kwa kuugusa tu. Mastura akautazama. Alikuwa ameuona siku ya kwanza alipofika kwamba wifi yake amepinda, akasema moyoni kwamba ni uzee, na kwa kweli alikuwa amefurahi kidogo.

"Na ile kanga," Najat akasema, "ilikuwa yako. Uliiacha kwenye kamba siku walipokuja. Nilijaribu zangu zote, akakataa. Kwa hiyo ikawa hiyo hiyo, naifua usiku, naikausha juu ya jiko, asubuhi namfungia."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kaka alikataza. Alisema ukijua utakuja kwa miguu usiku huo huo, watakushika, na ukishikwa mara ya pili hurudi tena. Akasema bora umchukie Najat kuliko ufungiwe mlango milele." Akavuta pumzi. "Nikakubali kuchukiwa. Lakini alipofunga mto ule tena kwenye baiskeli, nikasimama mlangoni. Mtoto si kikapu, wifi. Hapelekwi akarudishwa. Mara moja ilikuwa imenitosha mgongo, na yeye ilikuwa imemtosha moyo."

Mastura alikuwa anafanya kazi moja tu, ya kurudisha miaka ile nyuma na kuipitia upya, na kila alipogusa mahali palipokuwa na Najat mbaya, alikuta hapana mtu. Chuki aliyokuwa akilala nayo kule Vanga ilikuwa imempa joto kuliko blanketi. Sasa imetolewa, na baridi ikaingia yote kwa mara moja. Wakati mwanawe anakataa kukanyaga ardhi, yeye alikuwa wapi? Alikuwa upande wa pili, umbali wa chafya moja, akimlaumu Najat na kuomboleza mkate usioumuka.

"Alikuwa analia?" akauliza mwishowe. "Huko mgongoni."

"Hapana," Najat akasema. "Alikuwa analala."

"Na alishukaje?"

"Sijui. Nilikuwa naanika nguo, nikahisi mgongo mwepesi. Nikageuka, nikamwona amesimama pale kwenye mtungi, anakunywa maji. Sikusema neno, niliogopa akinisikia atapanda tena. Kisha nikaingia chumbani nikalia, na mpaka leo sijui kama nililia kwa furaha."

Mastura akaichukua ile kanga aliyoipiga pasi kwa ajili ya mkeka, akaikunja. Akaikunja mara nyingine, ikawa ndogo kama kitabu. Mbali, upande wa barabara kuu, honi zilisikika, na mtu jikoni akanong'ona kwamba huenda ni watu wa Pangani wanafika mapema, lakini hawakuwa wao.

"Wakija," Mastura akasema, "wataniuliza mwenye mkaja, nitaitika. Wakiuliza mwenye ubeleko, nitasema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ili pasiwe na wa kusema nimenyang'anywa. Nitasema ni wifi yangu, Najat binti Sabiri, huyu hapa. Umpigie vigelegele mji mzima."

Najat alikuwa amepata alichokipigania tangu asubuhi, na ilionekana hajui pa kukiweka. Alitazama mikono yake. Alitazama mchele.

"Wifi," akaanza. "Mimi nilitaka ile nguo kwa sababu kesho nikiamka…"

"Najua."

"Hujui. Nyumba hii ikiwa kimya…"

"Kimya nakijua, wifi, nimekaa nacho," Mastura akasema. "Tena nikwambie kitu kimoja kuhusu kimya. Usikifanye mgeni. Ukikiwekea sahani yake peke yake, kitazidi kukaa. Wewe kifanye hivi…"

Lakini hakufika kusema kifanywe vipi, kwa sababu pazia la chumba cha ndani lilifunguka kwa bega na Nasra akaingia uani.

Mwali hatoki ndani kabla ya siku yake, kila mtu anajua. Lakini nyumba za Chumbageni kuta zake za ndani hazifiki kwenye paa, na kilichosemwa uani kilikuwa kimeshasemwa chumbani. Uso wake ulikuwa umepakwa liwa, umekauka, na kwenye mashavu liwa ilikuwa imechora mifereji miwili. Mikono yake yote ilikuwa na hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameinyanyua juu, mbali na mwili, kama mtu aliyeambiwa asiguse dunia. Kanga aliyojifunga ilikuwa imelegea, inateremka, na hakuwa na mkono wa kuishika.

"Somo ametoka," akasema. "Inaanguka. Nifungeni."

Hakusema nani. Alisimama katikati yao, akitazama ukuta.

Najat akautia mkono kwenye mchele, kisha wa pili, mpaka kwenye vifundo, akaanza kutafuta humo kwa bidii kama aliyepoteza pete. Hakuinua kichwa.

Mastura akainuka. Akashika ncha mbili za kanga, na mikono yake, bila kumuuliza, ikaenda shingoni, nyuma, mahali anapofungiwa mtoto mdogo. Ilikuwa haijui pengine. Ikafika nusu ya njia ikakwama, maana shingo ilikuwa juu, ilibidi asimame kwa ncha za vidole vya miguu, na hata hivyo haikutosha.

Nasra akainamisha kichwa.